Sentimita Tano za Juu

Nazamisha meno matatu ya chuma
kati ya mabua ya shayiri iliyovunwa,
nasubiri kioo kidogo kifikiri.
Asilimia sita. Naandika.
Hatua arobaini, napiga goti tena:
sita, nukta nne.
Hapa uwandani Kastilia, mwezi wa saba,
hiyo nukta nne ni habari ya kumpigia mtu simu.

Wengine hupima bahari. Mimi napima
ngozi tu ya dunia,
pale mbegu inapoamua iote au ingoje,
pale umande unapoingia usiku kama mgeni asiyelala
na jua kumfukuza kabla ya chai.
Chini ya hapo si kazi yangu. Chini ya hapo
kuna visima vilivyofukiwa na marehemu wa parokia.

Saa kumi na mbili na dakika tano setilaiti inapita.
Siioni. Nayo hainioni:
jicho lake huchukua kilomita arobaini kwa mpigo,
vijiji tisa, mto mwembamba, kondoo wa Braulio,
vyote doa moja, namba moja.
Mimi ndiye wa kuiuliza ardhi yenyewe
kama aliye juu amesema kweli.

Tangu Mei kituo cha kumi na saba kilikuwa kikidanganya.
Jirani zake sita, saba, tano;
chenyewe thelathini na moja,
kama kimezikwa katika shamba la mpunga.
Nilibadilisha betri. Nilibadilisha waya.
Nilimtukana fundi wa Valladolid, Mungu anisamehe.

Leo nimewahi, giza halijaisha,
nikamkuta Bibi Hermelinda na beseni
la maji aliyolowekea dengu,
anayamimina taratibu kuzunguka nguzo
kama anayemnywesha ndama.
"Maskini, kutwa kinaonja ukavu," akasema.
"Nikaogopa: kikiuzoea,
hata mvua ikija hakitaiamini."

Chuoni walitufundisha kuhusu chumvi, joto, mawe,
mapengo ya hewa kati ya chuma na udongo.
Huruma haikuwamo katika orodha ya makosa.

Chini ya nguzo punje zilizodondoka zimeota,
duara la kijani, upana wa beseni,
na konokono mmoja aliyejua mambo kabla yangu.
Nikachota udongo, nikaufumbata,
nikafumbua: donge likasimama
na mistari yote ya kiganja changu.

"Kwa hiyo huko juu hawajaona?"
Beseni ni dogo, Bibi.
"Basi kesho naleta ndoo."

Nimefuta siku sabini na mbili za vipimo.
Kwenye safu ya maelezo: *maji ya dengu, si mvua.*
Kituo nimekihamishia hatua themanini, ng'ambo ya ukuta wa mawe.
Nguzo tupu nimeiacha palepale.