Ukuta Usio na Saruji

Babu yangu Lanty Tallentire hakujua saruji.
Jiwe juu ya jiwe,
jiwe refu likapenya kati kushika mbavu mbili,
vijiwe vidogo vikashindiliwa tumboni mwa ukuta.
"Acha upepo upite," alisema.
"Ukiunyima njia, utajitafutia."

Keldrigg ina nyumba kumi na tisa,
kanisa, baa iliyofungwa,
na kondoo ambao mgeni huwaona wote sawa.
Yeye aliwajua kwa nyuso,
kama mkunga anavyowajua aliowapokea.

Mama alifika Januari, mwaka wa theluji kubwa,
na kanga mbili ndani ya koti la kuazima.
Mapazia ya kijiji yalichezacheza.
Babu akatoka zizini, ndoo mkononi, akamuuliza:
Kwenu, mtu akifika na baridi, mnamwambiaje?
Mama, meno yakigongana, akasema:
Pole.

Akalipokea neno kwa viganja viwili,
kama yai la moto.

Tangu hapo ikawa pole kwa kondoo aliyenasa kwenye miiba,
pole kwa trekta iliyogoma,
pole kwa tarishi aliyelowa hadi soksi,
pole kwa mama kila asubuhi, hata mama akiwa anaimba.
Mama akacheka: Mzee, pole ina wakati wake.
Babu akanywa chai yake, chungu,
(sukari aliisahau utotoni, enzi za vita)
akasema: Nani kaamka leo asiyeistahili?

Nilikuwa na miaka saba
ulipokuja ugonjwa wa miguu na midomo.
Watu wa mavazi meupe walishuka na bunduki.
Babu aliwapikia chai, akawapa biskuti,
akawashikia lango.
Kondoo mia tatu na kumi na wawili.
Moshi ulikaa bondeni siku nyingi, nguo zikanuka,
hata mkate ukanuka.
Nilimsubiri aseme lile neno.
Hakulisema.

Asubuhi ya tatu alipanda mlimani
akabomoa ukuta uliokuwa mzima,
hatua arobaini za ukuta usio na kosa,
akaanza kuujenga upya.
Mama alinituma nimpelekee chakula.
Hatukuzungumza.
Nilimpa jiwe, akalipima kwa jicho, akalirudisha;
nikampa jingine, akalipokea.
Hivyo, hadi jua likaingia nyuma ya Kilima cha Kunguru.

Ni hapo jino langu lilipong'oka.
Mama angetaka nilirushe juu ya paa,
nimwombe panya anipe jipya.
Babu alilifuta kwa shati,
akaliingiza katikati ya mawe, akafunika.
"Sasa," akasema, "huu ukuta una jino."
Ndipo akacheka, kicheko kilichokwaruza koo,
mbwa wake Moss akanyanyua masikio.

Alifia Carlisle, hospitalini, mwezi wa kumi.
Mama ndiye aliyemgeuza ubavu usiku ule,
yeye nesi, yeye mkwe.
Aliniambia baadaye, akikunja shuka:
alifungua jicho moja akaniambia pole.
Mimi! Anakufa yeye, pole napewa mimi.

Mazishini mvua ilinyesha kwa pembe.
Wanaume wa bondeni walisimama na kofia mikononi
wasijue pa kuzitia.
Mama alipika pilau sufuria mbili;
mzee Ridley, aliyekuwa hajamsemesha baba yangu
tangu harusi, alirudia sahani tatu.

Leo nimepanda peke yangu.
Theluji imeuvunja ukuta mahali,
nami nimejaribu: jiwe langu linayumba,
naligeuza, linayumba,
nalitia kijiwe chini yake, linatulia kidogo.
Upepo unapita.

Sikumbuki ni wapi alipolificha lile jino.
Kwa hiyo nimetembea hatua zote arobaini,
kiganja changu juu ya mawe,
nikisema pole, pole,
kwa kila moja.