Wa Kumi na Mbili

Daktari wa mifugo aliniuliza, "Walikuwa wangapi?"
Nikajibu, "Kumi na mmoja,"
na kalamu yake ikaamini.

Kitunda, Jumatano, jua halijafika kwenye mabati.
Walilala kama watu waliotoka zamu ya usiku,
masikio rangi ya zambarau iliyoiva,
damu puani, kidogo tu,
kama wino uliovuja mfukoni mwa mwanafunzi.

Jumapili alianza yule jike mkubwa, Bibi Harusi.
Akakataa pumba. Nikasema ni joto.
Jumatatu akakataa maji. Nikasema ni mimba.
Mwenye deni la VICOBA
huupa ugonjwa kila jina
isipokuwa lake.

Daktari Lwitiko alilitaja mara moja:
"Homa ya nguruwe. Dawa hakuna.
Binadamu haimdhuru.
Binadamu huibeba tu."
Akaendelea, bila kuinua sauti:
makombo ya hotelini yasiyochemshwa,
soli ya kiatu, tairi, kamba, kisu,
papasi ndani ya ufa wa banda.
Na ngiri huko porini, akasema,
anaweza kukaa nayo miaka,
anakula, anazaa, anakimbia mkia juu,
wala hajui amebeba msiba wa jamaa zake.

Nilimwonea wivu ngiri.

Shimo likachimbwa nyuma ya banda,
kina cha mtu aliyeinua mkono.
Vijana wawili, beleshe moja, mpini umepasuka.
Ndipo Mwanahawa akachungulia juu ya ua.
Miaka tisa hajalitamka jina la mifugo yangu.
"Hao wako," husema,
na dirisha la upande wangu hufungwa hata kwenye joto la Februari.
Akapitisha beleshe jipya, lebo bado imebandikwa.
"Chukua, jirani. Pole.
Ila hilo usinirudishie."
Daktari akacheka, mara ya kwanza tangu alfajiri:
"Hata kanuni zangu zinasema hivyohivyo."

Tukawashusha. Mafuta ya taa, moto, kisha chokaa,
mfuko baada ya mfuko,
hadi Bibi Harusi akawa mweupe kuliko jina lake.
Utepe ukafungwa getini.
Hakuna kuingia, hakuna kutoka, banda litakaa tupu
hadi nitakapoambiwa,
na nikiambiwa, nianze na wawili tu,
niwatazame kama mtu anavyotazama maziwa jikoni.

Lakini Jumanne usiku Kifimbo alikuja na pikipiki,
taa amezima tangu kona ya msikiti.
"Elfu themanini, mama, kabla hajapoa."
Alikuwa bado anapumua.
Tulimtia kwenye mfuko wa salfeti, mguu ukabaki nje,
nikausukuma ndani kwa mkono huu huu
unaoandika.

Nani atamuuliza kitimoto alikotoka,
akishakaangwa, ndizi pembeni, pilipili juu, Tabata, mpira kwenye runinga?
Walaji watalala salama. Daktari amesema.
Ila mfupa utatupwa ndooni,
ndoo itachukuliwa na mtu kama mimi,
Goba, Kibamba, sijui,
mwenye mkopo kama wangu,
atawamiminia wake ikiwa baridi
kwa sababu mkaa umepanda bei,
na Jumapili moja jike wake mkubwa
atakataa pumba.
Naye atasema ni joto.

Daktari alikuwa getini anasugua soli,
maji ya dawa yakitoa povu kwenye beseni langu la kufulia.
Amefunga daftari. Amevaa kofia.
Ningenyamaza muda wa kuhesabu hadi kumi na moja
angekuwa ameondoka.
Mwanahawa bado yupo uani mwake, ananitazama,
hajui kitu, amekunja mikono tu.
Noti themanini za elfu moja moja
ziko chini ya godoro, zinanuka pumba.

"Daktari," nikasema,
"itoe tena hiyo kalamu."