Wembe

Ufunguo bado ni wangu mpaka kesho,
basi nimekuja leo usiku, mwendo wa pole,
theluji ikinisengenya kila hatua.
Banda la chama linanuka nta na viazi
(Zdravko huficha viazi vyake humu, wote tunajua).
Nyuma ya mbao, nyuki wa wenzangu wamejikunja,
wanavuma chini kwa chini, kama mtu anayeota.
Daftari lipo palepale kwenye msumari:
jalada la kijani, kamba iliyofungwa na kufunguliwa
na watu kumi na tisa.

Miaka kumi na mmoja nimeandika humu.
Tarehe ya ua la kwanza. Bei ya fremu.
Siku nyuki walipotoka kujisaidia
baada ya miezi mitatu ya kubana.
Namna ya kumtambua malkia mzee kwa mwendo wake.

Halafu Juni wakakuta majana yameoza
katika mizinga yangu saba.
Sheria ni sheria. Shimo likachimbwa, petroli ikamwagwa.
Nyuki huchomwa usiku, wakiwa wote nyumbani.
Sikusema kitu.
Ni ule mstari mmoja, kesho yake, kwa kalamu nyekundu:
*Sasa tunajua umetokea kwa nani.*
Bila jina. Kana kwamba
siujui mwandiko wa Bogomila.

Sawa. Naondoka, na maneno yangu naondoka nayo.
Wasemao maji yakimwagika hayazoleki
hawakuwahi kuja na wembe.

Ukurasa wa kwanza ulitoka
kama ganda la nyanya iliyochemshwa.
Wa pili pia.
Wa tatu nikaugeuza.

Ožbej. Marehemu Ožbej,
herufi kubwakubwa za mtu aliyeacha shule akalime:
*Malkia hatagi. Wiki mbili sasa. Nimuue?*
Na upande huu, mimi:
*Usimuue. Mpe siku tisa.*
Nikikata, namkata na yeye.
Nikifuta yangu tu, atabaki anauliza,
kamshika malkia wake kiganjani,
kaburini huko,
nimuue?

Nikauacha.
Nikatafuta zilizo zangu mbele na nyuma.
Chache. Chache kuliko nilivyojiringia.
Hata pale nilipojidai mjuzi, siki kwa utitiri,
upuuzi mtupu, pembeni mtu kaandika kwa penseli,
taratibu, kama anayemfunga mtoto vifungo:
*Nimejaribu. Mzinga mmoja umekufa. Labda tupunguze kidogo.*
Mwandiko wa Bogomila.

*Tupunguze*, kasema.

Nikakaa juu ya gunia la viazi.
Nje, theluji ilikuwa inafukia nyayo zangu
bila kuombwa, bila chuma chochote mkononi.

Nilitoka na kurasa saba. Saba kwa saba,
nikajiambia, hesabu imelingana,
nikazitia jikoni kwenye moto.
Karatasi iliyokaa na nta huwaka upesi,
na harufu yake ni ya Julai.

Aprili, simu.
Tinkara, aliyejiunga Februari, hana habari ya ugomvi:
"Samahani, kuna kurasa zimetoka.
Ile ya asali nyeusi, ya misonobari,
kwamba wakila hiyo majira ya baridi wanakufa,
waiondolewe mapema. Zdravko anakumbuka uliandika tarehe.
Tarehe gani?"

Nimesimama, simu sikioni, dirisha wazi.
Mti wa tufaha umechanua wote
na hakuna kinachovuma.

Sijui, mwanangu, nikamwambia.
Niliandika
ili nisihitaji kukumbuka.