Kikulacho Kimo Ukutani

Dada yangu Edelmira alianza na nyota.
Ana miaka tisa, alizihesabu kupitia tundu la paa,
akakosea, akaanza upya,
na baba akasema: huyu atakuwa karani.

Baba alikuwa na moyo mkubwa.
Ndivyo walivyosema majirani wote wa Alto Sillar
matangani, wakipokezana pombe ya mahindi.
Ndivyo alivyosema pia daktari
akiinua picha ya eksirei dirishani,
ila yeye hakuwa akisifu.

Kuta zina masikio, hilo tulilijua.
Kwamba za udongo zina na midomo
alikwenda kujifunza Lima, miaka sita:
mchana takwimu, usiku kufua mashuka ya hospitali;
kisha Ubelgiji, kwenye mvua isiyo na adabu,
akatuandikia kwamba huko kuta ni za matofali
na watu wanalala usingizi wa bure.

Alirudi na tochi, kibanio, vichupa mia nne.
Nilimshikia ngazi. Nyuma ya kalenda ya mtakatifu,
chini ya godoro, kwenye banda la simbilisi,
alimchomoa mdudu mmoja mmoja
kama mtu anayemtoa mgeni mwiba mguuni.
Tasnifu yake ina kurasa mia tatu na kumi na mbili.
Mama hajui kusoma; huipangusa kila Jumamosi.

Halafu kwa Doña Fidencia mlango haukufunguka.
Tuligonga. Tukasikia kikombe kikiwekwa chini, taratibu.
Edelmira alisimama pale, bomba la dawa mgongoni,
hata kivuli cha mlima kikatufikia,
akaandika daftarini kitu kisichokuwa idadi.

Tangu hapo haulizi tena wangapi wamo ukutani.
Anauliza aibu huingilia ufa gani,
nani alimwambia mjane kwamba mdudu huyu
huchagua nyumba za wachafu.
Wafadhili wanataka grafu. Anawapa grafu,
na pembeni, kwa penseli,
ameandika alichopika kila aliyemkatalia.

Juzi zahanati ilileta majibu ya damu yetu.
Yangu safi. Yake alikwenda kuyachukua mwenyewe.
Jioni nilipanda na mkate, nikagonga kwake
mara tatu.
Nikasikia kikombe kikiwekwa chini,
taratibu.

Nikaketi kizingitini, mkate mapajani.
Nilifika nyota arobaini na kitu,
nikapotea.