Thamani ya Matope

Fomu ya forodha haikubali sifuri.
Nimejaribu mara tatu, na mara tatu kioo kimeniwakia wekundu:
weka thamani ya mzigo.

Mzigo ni matope.
Mirija kumi na miwili ya matope ya mikokoni,
yalichotwa Mikindani siku ya bamvua,
maji yalipokupwa hadi mizizi ikabaki uchi,
yanakwenda Bergen kwa Daktari Solveig
aliyeniandikia tangu alfajiri, hii ni mara ya nne:
Bi Mbeyu, tafadhali, yasiyeyuke.

Yasiyeyuke. Machi hii. Mombasa hii
ambapo hata kivuli hutoka jasho.

Usiku umeme ulikatika saa nane.
Jenereta ikakohoa, ikanyamaza, ikakohoa tena,
nami nimekaa sakafuni, mgongo kwenye jokofu,
nasoma namba za baridi kama mtu apimaye homa ya mwanawe:
sabini na tisa chini ya sifuri, sabini na saba, sabini na nne.
Hapo nikampigia Ngowa wa kiwanda cha gesi, Changamwe.
Barafu kavu huuzwa Jumanne. Jana ilikuwa Jumatano.
Lakini Ngowa nilimjazia fomu za basari za bintiye,
na wema, husemwa, hauozi.
Akaniletea magunia mawili yanayofuka.
Pafukapo moshi hapakosi moto, walisema waliosema;
hawakulifunua boksi langu.

Kazi yangu haina jina fupi.
Ndimi niliyezunguka Kongowea Jumapili nzima
kutafuta buti namba arobaini na saba
za yule mwanafunzi mrefu aliyemezewa kiatu na tope,
nikamfundisha: usiuvute mguu kwa hasira, anza na kisigino.
Ndimi mwenye kibali cha utafiti, kibali cha kusafirisha,
barua ya kuthibitisha kwamba ile barua nyingine ni ya kweli,
na mkataba wa kurasa kumi na tisa
wa nani mwenye matope,
na nani mwenye kitakachojulikana matopeni.
Niliusoma wote. Ukurasa wa kumi na moja
nilimshika Daktari Chidzuga mkono wenye kalamu.
Palikuwa pameandikwa kwa niaba ya.
Wiki tatu za barua.
Sasa pameandikwa pamoja na.

Afisa wa forodha ameinua muhuri, hajaushusha.
"Hivi mama, huko kwao hakuna matope?"
"Yapo," nikamwambia. "Lakini hayo hayatujui."
Akacheka. Kisha akaacha kucheka,
akainamia mrija wa juu, mistari yake:
mweusi, kijivu, mweusi tena,
halafu mmoja mwembamba unaong'aa kama mafuta.
"Huu ni wa lini?"
"Ndiyo tunayotaka kujua. Funika, baba, baridi inatoka."

Thamani.
Nje Shee ameegesha gari juani, ameacha injini ikiunguruma,
ndege imebakisha dakika hamsini,
nami namwona mama kizingitini kwetu Mikindani,
kopo mkononi:
"Miguu kwanza! Mnataka kuniletea mikoko ndani?"
Watoto watano, miguu kumi,
na maji ni ya kununua, mtungi shilingi tano.
Matope hayahaya.
Aliyamwaga uani kila magharibi
kwa maji ambayo yeye hakuyanywa.

Nikaandika: shilingi tano.
Kioo kikawa kijani.

Jumamosi ukaja ujumbe: Yamefika. Magumu kama jiwe.
Na picha, mikono yenye glavu imeinua mrija mmoja juu
kama watu wainuavyo mtoto aliyezaliwa jana.
Nikaitazama sana, nimesimama jikoni, chai inapoa.
Nikamjibu:
Alhamdulillahi. Boksi lirudi kabla ya bamvua lijalo.
Na mirija, ioshwe kwanza.