Namba Sitini na Tatu

Baba mkubwa Feridun alikuwa na viko sitini na viwili,
na hakuna hata kimoja kilichoijua tumbaku.
Mfamasia wa nyuma ya stesheni, mjini Eskişehir,
mtu wa glavu za pamba na pumzi ya mnanaa,
kila Jumapili alifungua kabati la kioo
akavipangusa kimoja kimoja
kama muuguzi anayeosha watoto wa wenzake.

Jiwe lake hutoka visimani, chini sana,
limelowa, laini kama jibini.
Unalichonga huku unaongea.
Likikauka huwa jepesi, ukilitia majini laelea.
Basi mle kabatini mlikuwa na vichwa vya masultani,
kucha za tai zimeshika yai,
farasi, na bibi mmoja ambaye ushungi wake
ulipeperushwa na upepo usiokuwepo,
vyote vyeupe,
weupe wa shuka za hospitali,
na shilamu za kaharabu zikimeta
bila alama ya jino.

Baba yangu Nazmi alikuwa nacho kimoja.
Yeye ndiye aliyeshuka visimani.
Bori halikuwa na nakshi, lilikuwa bori tu,
shilamu imetafunwa upande wa kushoto
kwa vile kulia hakuwa na magego.
Kilianza cheupe, mama anasema, mwaka wa harusi.
Nilipozaliwa kilikuwa rangi ya siagi.
Nilipoanza shule, asali.
Alipoanza kukohoa usiku,
kahawa iliyosahauliwa motoni.
Jiwe hilo hunywa moshi wala halisemi basi.
Na kifua cha baba nacho kilikuwa kikipakwa rangi ile ile,
ila hicho hatukukiona
hadi siku daktari alipoiinua picha yake dirishani.

"Kiko kizuri ni cha kutazamwa."
"Basi nunua na mkate, uutazame."
Wakagombana hivyo miaka thelathini,
sikukuu kwa sikukuu, chai ikipoa,
na shangazi Şükran, ambaye hata jina lake ni la kushukuru,
akifungua dirisha kwa ajili ya mmoja
na kulifunga kwa ajili ya mwingine,
akilaani wote wawili kwa sauti ya chini.

Baba alipokufa nilitaka azikwe na kiko chake.
Imamu akanitazama kwa huruma:
sanda haina mfuko, binti.
Nikakiweka juu ya friji.
Baada ya matanga hakikuwepo,
nikadhani watoto.

Miaka kumi na mmoja baadaye
baba mkubwa naye akalala asiamke,
mapafu yake safi, moyo umechoka.
Mthamini akaja kutoka Istanbul na lenzi yake.
Akasoma daftari, mwandiko wa mfamasia:
Namba moja, hakijavutwa.
Namba mbili, hakijavutwa.
Akaendelea, mimi nikipokea na kufunga kwa magazeti,
hakijavutwa, hakijavutwa,
mpaka mstari wa mwisho, wenye wino tofauti:
Namba sitini na tatu.
Hapo hapakuandikwa neno.

Kilikuwa kwenye droo ya chini, ndani ya glavu.
Cheusi sasa, karibu cheusi kabisa.
"Hiki hakina bei," akasema mthamini, akakisukuma kando.
Nikakigeuza dirishani.
Alama za baba, kushoto, nilizifahamu
kama ninavyofahamu makovu ya magoti yangu.
Lakini kulia nako kulikuwa na alama,
nyingi, za kina,
za mtu mwenye magego yake yote.
Na ndani ya bori, jivu.
Nililigusa; likanata kwenye kidole.

Mimi sivuti.
Mthamini alipotoka kuita teksi
nilikitia kinywani, katikati,
mahali ambapo jino la mtu yeyote halijafika,
nikavuta hewa baridi
yenye ladha ya tumbaku na mnanaa.