Kofia ya Ndani

Sindano nimeishika: najua kwa kuiona tu.
Vidole havisemi kitu.
Nikifumba macho, mkono si wangu,
ni wa mtu mwengine, amelala.

Kofia hii ni ya Shaame, ndugu yangu,
ya harusi yake, mfunguo pili.
Kofia ya viua, vitobo mia saba na kitu.
Zamani nilimaliza safu baina ya adhuhuri na alasiri,
huku nateta na Mize dirishani.
Sasa kitobo kimoja, na mchana umekwisha.

Wete nzima ina jibu.
Ni kipepo, kasema jirani, kinataka udi na sahani.
Ni jicho, kasema mama, mikono yako ilisifiwa mno.
Ni uvivu: hilo hajalisema mtu,
ila vyombo vya wifi vinagongana jikoni.
"Mbona mzima? Umenenepa, mashaallah."

Kule Unguja waliniingiza kwenye mashine
inayogonga kama fundi bati,
na daktari kijana akainua picha kwenye mwanga.
Vidoa vyeupe, vimetawanyika.
Akataja jina refu, akalirudia,
akasema mwili unakula maganda
ya mishipa yake wenyewe ya fahamu.
Shaame ni fundi umeme. "Waya uliochunika," akasema.
Mie nilikuwa naangalia vidoa.
Nikaona viua.
Nani huyu kanishonea kofia kwa ndani
bila kunipima kichwa?

Joto likizidi, naona viwili viwili.
Kanga mbichi shingoni, miguu kwenye beseni.
Msimu wa karafuu kila mtu yuko shamba,
majamvi yameanikwa hadi barazani,
na mie kizingitini, nafukuza kuku.
Hapo ndipo lilipoanza kuja.
Halikupiga hodi.
Halikuwa sauti, wala shetani mwenye jina.
Lilikuwa hesabu, kama hesabu ya uzi:
nikitoka mimi, mama atapumzika.
Hesabu ilikuja sawa.
Ndiyo iliyonitisha, usawa wake.

Nilisali. Nilipotoa salamu
bado lipo, limekaa mkekani
kama mgeni asiyejua kuaga.
Neno lenyewe hapa halitamkwi,
linapita limejitanda ushungi.
Wanasema mficha maradhi kilio humuumbua.
Hawasemi amfunulie nani.

Zuwena muuguzi alikuja kunipima presha.
Akafunga mkanda, akapuliza, akafungua.
Halafu, bila kushusha sauti,
kama anayeuliza iwapo nimekula:
"Umewahi kufikiri kujiua?"
Jogoo wa jirani akawika. Nakumbuka hilo.
"Jana," nikasema. "Na juzi."
Hakusema astaghfirullah.
Akavuta kibao cha mbuzi, akakaa.
"Haya. Nambie."

Nikamsomea hesabu yangu kwa sauti,
na kwa sauti ilikuwa na makosa.
Akasema huzuni hii nayo ni maradhi, ina tiba,
na pengine inatoka kwenye vidoa vile vile.
Kwa ruhusa yangu akamwita mama.
Mama alilia hadi magharibi,
kisha akahamishia kitanda chake chumbani kwangu,
na anakoroma, wallahi,
silali kwa mkoromo wake.

Sijapona. Usije ukasema nimepona.
Ijumaa natembelea bakora,
Jumamosi natambaa kwenda chooni.
Kila Jumatatu Zuwena anauliza swali lile lile,
najibu kweli. Wiki hii, la.
Wiki hii, ndiyo, usiku; nikamwamsha mama.

Shaame kasema ataivaa hata ikiwa nusu.
Vitobo vya kushoto vimekwenda kombo,
mjuzi wa kofia atajua hapa mkono ulipotea.
Sivifumui.
Leo nimetoboa vitatu.
Cha nne nimekiacha na sindano ndani yake,
kesho nijue pa kuanzia.